Vizimba vya Vyumba Viwili: Mwongozo wa Kupunguza Mafua kwenye Makazi ya Paka

Swali linalokuja mara kwa mara ni lile lile: "Paka wangu wote wanapiga chafya, macho yamejaa tongotongo, niwape dawa gani?" Anayeuliza huwa ni mtu mwenye huruma. Aliokota paka mmoja sokoni, wa pili akaletwa na jirani, watoto watatu wakaachwa getini usiku, na leo ana paka kumi na kitu kwenye vizimba vya sungura nyuma ya nyumba. Mimi huanza kumuuliza mambo mawili. Kizimba kina upana gani? Na paka anakula umbali gani kutoka pale anapojisaidia? Mara nyingi majibu hayo yanaeleza vizuri zaidi ugonjwa umetoka wapi kuliko lebo yoyote ya dawa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye makazi madogo, iwe Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Nairobi, na huna fedha za kuagiza vizimba vya kisasa kutoka ng'ambo. Utageuza vile ulivyo navyo. Kazi kubwa ni moja: kutoboa tundu kati ya vizimba viwili ili paka mmoja apate vyumba viwili.

Nadharia ni fupi, na bila hiyo hatua zinazofuata hazitaeleweka. Paka wengi waliopita mitaani wamebeba virusi vya hepesi ya paka tangu utotoni. Virusi hivyo hulala mwilini maisha yote, na paka akipata hofu au akibanwa, vinaamka. Kati ya siku alipotishika na siku anapoanza kumwaga virusi hupita kama wiki moja, ndiyo maana paka huingia kwako akiwa mzima na kuanza chafya siku ya saba au ya kumi, nawe ukadhani kaambukizwa na mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na watu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ukihusisha makazi 9 ya Amerika Kaskazini, ulikuta kwamba mafua yalikuwa machache pale ambapo paka alikuwa na sakafu ya futi 8 za mraba au zaidi, yaani kama mita 0.75 za mraba, na pale ambapo hakuhamishwahamishwa katika siku 7 za mwanzo. Nafasi na utulivu. Shika hayo mawili, twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vizimba viwili viwili vinavyolingana urefu na kina. Kizimba cha futi 2 kwa futi 2 peke yake hakitoshi paka mzima. Viwili vikiungana ndipo unakaribia kipimo.
- Tepu ya kupimia na chaki.
- Msumeno wa chuma, tupa na plaizi. Kama kuta ni za bati au chuma kinene, muite fundi wa kuchomelea mwenye grainda, ni kazi ya nusu siku.
- Mpira wa maji wa bustani uliochakaa, na waya laini wa kufungia nondo.
- Plaiwudi na rangi ya mafuta. Ukipata plastiki ngumu badala ya plaiwudi, bora zaidi.
- Mabeseni mapana ya plastiki, mawili kwa kila paka, ili moja likioshwa na kuanikwa jingine liwe kazini.
- Katoni imara: za chupa za maji, za mafuta ya kupikia, za sabuni.
- Vipande vya khanga, mashuka na taulo kuukuu.
- Sabuni ya unga, jiki, ndoo mbili, vitambaa vingi, glavu.
- Daftari moja na namba ya simu ya daktari wa mifugo. Chanjo, kufunga uzazi na dawa za macho ni kazi yake; mwongozo huu hauchukui nafasi yake.

Hatua ya 1: Hesabu paka, halafu hesabu vizimba

Chukua daftari uandike paka wangapi huingia kwa mwezi na kila mmoja hukaa miezi mingapi kabla ya kupata nyumba. Zidisha. Wakiingia 6 kwa mwezi na kila mmoja akikaa miezi 2, unahitaji nafasi 12. Kama nafasi zako za vyumba viwili ni 8, una njia mbili: kupunguza wanaoingia au kufupisha muda wanaokaa. Kuongeza kizimba cha tisa kwenye kona isiyopata hewa si njia ya tatu.

Hatua hii watu huiruka, kisha wanalalamika kuwa tundu halikusaidia. Pwani tumekua tukisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kumfungia kiumbe ni kubeba dhamana yake yote, na dhamana hiyo inaanza kwa kujua mikono yako inatosha wangapi.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Unataka kivuli, hewa inayopita, na ukimya. Pwani, banda lenye pande mbili zilizo wazi hupata upepo wa kusi na wa kaskazi kwa zamu yake. Upande unaopigwa na mvua ya masika utie pazia la turubai la kushusha na kupandisha. Paa la mabati matupu huoka paka mchana. Funika kwa makuti juu yake au weka dari ya mkeka chini yake. Nairobi na nyanda za juu tatizo hugeuka: Juni na Julai baridi ya usiku huua watoto wachanga, kwa hiyo ziba upande wa upepo na uongeze matandiko.

Mbwa wasionekane wala wasisikike. Hili halina mjadala. Paka anayesikia mbwa wakibweka usiku kucha hawezi kutulia hata umpe kizimba cha dhahabu.

Kipimo cha hewa ni pua yako. Piga magoti mpaka pua ifike usawa wa kizimba cha chini kabisa, uvute pumzi hapo. Ukisikia mkojo ukikuchoma, paka anaishi ndani ya harufu hiyo saa ishirini na nne, na njia zake za hewa zinachubuka kabla hata virusi havijafika.

Hatua ya 3: Toboa tundu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ifanye vizimba vikiwa vitupu, paka wakiwa mbali na kelele na cheche.

a) Sogeza vizimba viwili vigusane ubavu kwa ubavu. Kuvipandanisha kimoja juu ya kingine kunawezekana, lakini paka mzee, mwenye mimba au mwenye mguu mbovu atashindwa kupanda.

b) Vifunge pamoja kwa boliti au waya wa nondo kwenye pembe nne, kaza kabisa. Nafasi ya upana wa kidole kati ya vizimba inatosha kunasa mguu wa mtoto wa paka.

c) Chora tundu kwa chaki. Mduara au mraba wenye mlango wa inchi 10 hadi 12 (sentimita 25 hadi 30) unamfaa hata dume kubwa lenye mashavu. Ukingo wa chini wa tundu uwe inchi 4 juu ya sakafu, ili maji yakimwagika na mchanga ukirushwa usivuke upande wa pili. Liweke karibu na mlango wa mbele, mahali mkono wako unafika kufunga bila kumpita paka.

d) Kata kuta zote mbili kwa mchoro mmoja. Kwenye wavu wa chuma kata karibu kabisa na kiungo cha waya, usiache ncha zilizochomoza. Pitisha tupa.

e) Jaribu ukingo kwa kitambaa. Chukua kipande cha khanga nyepesi ukiburute kuzunguka tundu lote, ndani na nje. Kikinasa uzi popote, hapo bado pana ncha, na ncha hiyo itachana tumbo la paka anayepita kwa haraka. Rudia tupa mpaka khanga iteleze.

f) Pasua mpira wa maji kwa urefu wake, uuvishe ukingo wa tundu kama pindo, ukishika kuta zote mbili kwa pamoja, kisha uushone kwa waya laini kila baada ya inchi 3, vichwa vya waya vikiangalia nje. Mpira unaoshika mkojo na kuchubuka ubadilishwe. Ni bei ndogo.

g) Tengeneza kifuniko cha kutelezesha kwa plaiwudi au plastiki, kikubwa kuliko tundu kwa inchi 2 kila upande, kipite kwenye reli mbili za mbao au chuma. Plaiwudi ipakwe rangi ya mafuta mara mbili au tatu pande zote, hasa kwenye kingo, maana mbao mbichi hunywa mkojo na haisafishiki tena. Acha ikauke hadi harufu ya rangi iishe kabisa kabla ya kuingiza paka.

Onyo: usitumie waya wa kuku. Unaachia, unatoboka, na ncha zake ni sindano. Na usilete sakafu ya wavu mtupu; paka akanyage kitu bapa kinachooshika, kama bati laini, plastiki ngumu au marumaru.

Hatua ya 4: Inua vizimba

Kizimba cha chini kabisa kisikae sakafuni. Kiinue angalau kufikia goti. Paka akiwa juu hofu yake hupungua, nawe mgongo unapona. Vizimba visitazamane uso kwa uso. Paka wawili wasiopatana wakitazamana kutwa, wote wawili wanaugua. Kama chumba ni chembamba, acha mita moja na nusu katikati, maana chafya ya paka hurusha matone zaidi ya mita moja, au tundika shuka nusu ya mbele ya kila kizimba.

Sisimizi na siafu wakikusumbua, tia miguu ya chanja kwenye makopo ya maji yenye sabuni kidogo, uyabadilishe kila baada ya siku tatu yasizalishe mbu.

Hatua ya 5: Panga ndani

Chumba kimoja ni cha choo, kingine ni cha kulala na kula. Beseni la choo liwe angalau futi 2 kutoka kwenye chakula na kitanda. Paka ni msafi kwa maumbile, na ukimlazimisha kula kando ya kinyesi chake hali, na asipokula kinga inashuka.

Beseni la choo liwe pana, paka aweze kugeuka ndani yake. Mchanga wa mto uliochekechwa unafaa. Wa baharini uoshwe chumvi kwanza uanikwe. Maranda makubwa ya fundi seremala ni mazuri pia. Unga laini wa msumeno usiutumie, vumbi lake pekee linatosha kuwapigisha chafya, na maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu.

Halafu boksi. Kila paka, bila ubaguzi, apewe katoni ya kujificha. Kata mlango ubavuni, liweke nyuma ya chumba cha kulala, mlango ukiangalia pembeni ili aweze kujificha kabisa macho ya watu. Tandika khanga ndani. Huko Uholanzi walijaribu jambo hili kwa paka 19 wapya wa makazi, utafiti wao ukatoka mwaka 2014: waliopewa maboksi walitulia mapema kuliko walionyimwa. Katoni haina gharama. Paka akiondoka inachomwa, ndiyo sababu naipenda kuliko masanduku ya mbao.

Watu huniambia, "Akijificha wageni hawatamwona, nani atamchukua?" Paka mwenye mahali pa kujificha hutoka mwenyewe baada ya siku chache kuja mlangoni. Asiye napo hujikunja ndani ya beseni la choo, uso ukutani. Ukimkuta paka amelala kwenye beseni la mchanga, usimkemee, usimwondoe. Anakuambia hana pa kujificha.

Hatua ya 6: Mpokee mgeni vizuri

1. Andaa kizimba kabla hajafika: mchanga, maji, boksi, kifuniko cha tundu kikiwa wazi.
2. Mfunike tenga au kapu lake kwa shuka tangu getini. Asipitishwe mbele ya mbwa wala mbele ya paka wengine.
3. Achanjwe siku hiyo hiyo kama ana afya ya kutosha, ile chanjo ya pamoja ya hepesi, kalisi (virusi vingine vya mafua ya paka) na panlukopenia (ugonjwa mkali wa kutapika na kuharisha). Watoto waanze wakiwa na wiki 4 hadi 6, warudiwe kila wiki 2 au 3 mpaka wafikie miezi mitano. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata ratiba ya daktari.
4. Muache. Siku mbili za kwanza ni chakula, maji, choo na sauti ya chini, basi.
5. Mahali alipofikia ndipo akae mpaka apate nyumba, isipokuwa akiugua au akifaa chumba cha pamoja (hatua ya 9). Tabia ya kumhamisha kutoka "kizimba cha wapya" kwenda "cha wiki ya pili" kwenda "cha maonyesho" iache.

Andika kwenye daftari kama amekula. Paka mzima asipogusa chakula kwa siku nzima, hiyo ni habari. Zikifika mbili, mpigie daktari, ini la paka haliwezi njaa.

Hatua ya 7: Usafi wa kila siku, nusu kwa nusu

Hapa ndipo vyumba viwili vinapolipa. Huna haja ya kumshika paka wala kumtia kwenye tenga kila asubuhi.

Fungua mlango wa chumba cha kulala taratibu, weka chakula kipya. Akiwa huko, telezesha kifuniko cha tundu. Nenda chumba cha choo: toa kinyesi, badilisha mchanga uliolowa, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kausha. Fungua tundu. Kama chumba cha kulala kina uchafu, subiri aje upande wa choo, ufanye vivyo hivyo. Kama hakina, usiguse. Khanga yenye harufu yake iache hapo hapo. Harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kuwa yuko kwake. Kinyesi kitolewe angalau mara mbili kwa siku.

Kumwagia jiki kila kizimba kila siku, paka akiwa ndani, ni kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona, na hufanywa na watu wenye bidii. Harufu inachoma pua, harufu yake ya nyumbani inafutika, na kesho hofu inaanza upya.

Fuata mpangilio huu wa vizimba: watoto wenye afya kwanza, kisha wakubwa wenye afya, kisha wapya, na wagonjwa mwisho kabisa. Kitambaa kimoja kwa kizimba kimoja. Nawa mikono kwa sabuni na maji kila unapomaliza kizimba. Ile dawa ya mikono ya spiriti haiaminiki kwa virusi vya kalisi na panlukopenia.

Mama mjamzito apewe kazi nyingine, asishike mchanga wa paka, kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo vinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kutoa kinyesi kila siku kunawakinga na wengine wote.

Hatua ya 8: Usafi mkubwa paka akiondoka

Sasa jiki inapata kazi yake. Toa kila kitu, katoni ichomwe. Osha kwanza kwa sabuni ya unga na brashi hadi uchafu wote utoke, suuza. Jiki juu ya uchafu haiui kitu.

Soma lebo ya chupa. Kama ni asilimia 3.5, changanya kikombe 1 kwa vikombe 20 vya maji. Kama ni asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 32. Mwagia, acha ilowe dakika 10, suuza kwa maji mengi, acha ikauke kabisa kwa upepo na jua. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Wa jana umeshapoteza nguvu.

Onyo: jiki isichanganywe na dawa nyingine ya choo wala siki wala kumwagwa juu ya mkojo usiooshwa. Mvuke wake hudhuru wewe na paka.

Hatua ya 9: Chumba cha wagonjwa, na chumba cha pamoja

Mgonjwa apate chumba chake chenye mlango, ndoo zake, ndala zake mlangoni na aproni yake. Naye pia anahitaji vyumba viwili na boksi, tena kuliko mzima.

Chumba cha pamoja kinawafaa paka waliokwisha kukaa wiki mbili bila dalili, wamechanjwa, wamefungwa uzazi na wana tabia ya kupenda wenzao. Mita 1.7 za mraba kwa kila paka, wasizidi kumi na mbili hata chumba kiwe ukumbi, angalau beseni la choo moja kwa kila paka wawili, na rafu za kutosha ili mnyonge apate pa kukimbilia. Wasiopenda wenzao warudi kwenye vizimba vyao. Na usiwe unatia paka mpya kila siku. Kila anayeingia huwavuruga wote.

Sumu zilizozoeleka majumbani

Soma hapa mara mbili, tafadhali. Dettol na dawa nyingine za jamii ya fenoli, zile ambazo maji yake hugeuka meupe kama maziwa, ni sumu kwa paka. Anazikanyaga, anajilamba, zinamharibu. Panadol, yaani parasetamoli, huua paka hata kidonge kimoja. Dawa za viroboto za mbwa zenye pemetrini humtia degedege. Mafuta ya mkaratusi na mafuta mengine ya kunukia yanayowekwa "kufungua pua" yaache dukani.

Ukiumwa au kukwaruzwa na paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama paka atabadilika.

Matatizo yanayojitokeza

*Paka hapiti kwenye tundu.* Pitisha tena kitambaa kwenye ukingo. Kama ni laini, weka kijiko cha dagaa waliochemshwa upande wa pili, ufunike mbele ya kizimba kwa shuka, uondoke. Wengi hupita usiku wa kwanza. Usimsukume kamwe.

*Anakojoa kitandani.* Tazama beseni kwanza: ni dogo, chafu, au limebadilishwa aina ya mchanga? Kwa paka aliyetoka mitaani anza kwa udongo aliouzoea, kisha uchanganye taratibu. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni dharura, apelekwe kwa daktari saa hiyo.

*Nimeunganisha vizimba na bado wanapiga chafya.* Wale waliokuwa wagonjwa kabla hutabadilisha historia yao kwa tundu. Angalia wanaoingia kuanzia sasa. Kama nao wanaugua ndani ya wiki mbili, pitia daftari: wamehamishwa mara ngapi? Kuna mbwa? Nani anaosha kwa jiki kila asubuhi? Pia piga magoti unuse tena.

*Ngozi imetoka mabaka ya duara yasiyo na manyoya.* Huenda ni mapunye. Yanaambukiza watu, hasa watoto. Tenga, vaa glavu na mikono mirefu, mwite daktari.

*Watoto wametapika, wameharisha, mmoja amekufa ghafla.* Hii huenda ni panlukopenia, nayo haisubiri. Funga milango, asiingie wala asitoke paka yeyote, mpigie daktari sasa. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye mbao na udongo hadi mwaka mzima, kwa hiyo matandiko na katoni zote vichomwe, mbao mbichi ziondolewe, kila kitu kigumu kioshwe kwa sabuni kisha jiki kwa vipimo vya hatua ya 8. Mtoto wa paka asiyechanjwa asiingizwe katika chumba hicho.

*Nikiunganisha vizimba nitabaki na nusu ya nafasi.* Utabaki na nusu ya milango, ndiyo. Lakini fanya hesabu ya hatua ya 1 tena. Paka mwenye mafua hakai miezi 2. Anakaa 3 au 4 kwa sababu hakuna anayemchukua akiwa na makamasi, na dawa yake inakula fedha ya chakula cha wenzake. Wakiwa wazima wanatoka haraka, nafasi inazunguka. Kama bado una hofu, anza na jozi mbili tu, uandike waliougua humo na waliougua kwenye vizimba vya zamani.

*Watu wananitupia watoto wa paka getini usiku.* Kwetu huku mchana haupungui sana mwaka mzima, kwa hiyo paka huzaa bila msimu na hutapata mwezi wa kupumzika. Watoto chini ya wiki 8 wasiingie kwenye makazi kabisa ukiweza kuepuka. Tafuta majirani wanne au watano wenye chumba cha wageni au bafu lisilotumika, uwape mchanga, chakula na ratiba ya chanjo, kila mmoja alee uzao mmoja mpaka wafikie umri. Pale ulipojua mama yao yuko, soko la samaki au nyuma ya mgahawa, subiri awaachishe kunyonya, umtege, afungwe uzazi na achanjwe, kisha arudishwe pale pale alipokuwa. Mwenye duka wa karibu naye aambiwe kuwa yule paka ameshafungwa uzazi, ili asimlete kwako tena wiki ijayo.